CHETI CHA CHUO SI LESENI
Kwa nini muuguzi hufanya mtihani mwingine baada ya kumaliza chuo

Ndugu msomaji, hapa Hanga na katika vijiji vya jirani wapo wazazi wanaosomesha watoto wao uuguzi. Wengine wameuza mahindi. Wengine wameuza tumbaku, korosho au ufuta. Wengine wameuza hata mbuzi waliobaki zizini. Ada imelipwa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Mwishowe mtoto amemaliza chuo. Kuku wamechinjwa, majirani wamekula na kushangilia.

Halafu miezi inapita. Mtoto yupo tu nyumbani. Hapo mzazi huanza kuuliza:

– Mwanangu, si umemaliza chuo?
– Nimemaliza, baba.
– Na cheti si unacho?
– Ninacho.
– Sasa mbona huanzi kazi?
– Nasubiri mtihani wa leseni.
– Mtihani gani tena huo? Si ulishafanya mitihani yote?

Swali la mzazi huyu ni la haki. Aliyetoa jasho lake kulipa ada anastahili kujua. Tena swali hili haliwahusu wazazi peke yao. Linamhusu kila mtu anayekwenda zahanati, maana siku moja wewe au mwanao mtalala kitandani, na muuguzi atakuja na sindano mkononi. Basi tuutazame mtihani huu vizuri: ni wa nini, unapima nini, kwa nini wengine hushindwa, na sisi wanakijiji tufanye nini.

MITIHANI MIWILI, KAZI MBILI

Mtihani wa chuo unauliza hivi: Je, mwanafunzi huyu amejifunza yale aliyofundishwa? Akifaulu, anapewa cheti. Katika nchi yetu, muuguzi wa ngazi ya cheti husoma miaka miwili. Wa stashahada, yaani diploma, husoma mitatu. Wa shahada ya chuo kikuu husoma minne, kisha hufanya kazi mwaka mmoja hospitalini chini ya usimamizi.

Mtihani wa leseni unauliza jambo jingine: Je, mtu huyu anaweza kuachwa peke yake na uhai wa mgonjwa? Mtihani huu uko chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Baraza hili lilianza mwaka 1953. Siku hizi linafanya kazi kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Kazi yake kubwa ni kumlinda mwananchi. Linaandika majina ya wauguzi na wakunga katika daftari lake, linatoa leseni, na linaweza kumfungia muuguzi aliyevunja maadili ya kazi.

Mtu anaweza kusoma chuo cha udereva na kupewa cheti. Lakini haruhusiwi kuendesha basi la abiria kwa cheti hicho. Lazima apimwe tena na apewe leseni. Sababu ni nini? Akikosea, si yeye peke yake anayeumia.

Sisi wa Hanga tunao mfano mwingine karibu zaidi. Abasia ya watawa Wabenediktini ipo hapa tangu mwaka 1957. Tunajua kuwa kijana anayeingia utawa haweki nadhiri siku anayofika. Anakaa, anafundishwa, anatazamwa. Hakuna anayesema kwamba huko ni kumdharau. Kazi nzito ina mlango wake, na mlango una mlinzi.

ZAMANI MAMBO YALIKUWAJE

Zamani, katika nchi nyingi, mtu yeyote aliweza kujiita muuguzi. Mgonjwa hakuwa na njia ya kumjua aliyesoma na asiyesoma. Nchi ya kwanza kutunga sheria yake pekee ya kuandikisha wauguzi ilikuwa New Zealand, mwaka 1901. Uingereza ilifuata mwaka 1919.

Jambo hilo halikukubaliwa na wote. Bibi Florence Nightingale, aliyeanzisha chuo maarufu cha wauguzi London mwaka 1860, alilipinga. Aliona kuwa mtihani hauwezi kupima moyo wa mtu. Mtu anaweza kujibu vizuri kwenye karatasi, lakini akawa mkali na mvivu kwa wagonjwa.

Maneno hayo yana ukweli mpaka leo. Mtihani hauonyeshi kila kitu. Ndiyo maana muuguzi hupimwa pia kwa vitendo chuoni na wodini, na ndiyo maana kuna maadili ya kazi. Lakini bila mtihani hali ni mbaya zaidi. Hapo mgonjwa anabaki kubahatisha.

MTIHANI UNAPIMA NINI

Maswali yenyewe ni siri. Lakini tunaweza kutoa mifano ya mambo ambayo muuguzi lazima ayaweze. Wewe uliyehitimu kisomo, chukua kalamu na karatasi ujaribu pamoja nasi.

Mfano wa kwanza: hesabu. Mgonjwa anatakiwa apewe maji ya dripu mililita 1,000 kwa saa 8. Mpira wa dripu hiyo unatoa matone 20 kwa kila mililita moja. Je, yadondoke matone mangapi kwa dakika?

Tufanye hatua kwa hatua. Mililita 1,000 mara matone 20 ni matone 20,000. Saa 8 mara dakika 60 ni dakika 480. Sasa gawa 20,000 kwa 480. Jibu ni kama 42. Kwa hiyo muuguzi atarekebisha dripu mpaka yadondoke matone 42 kwa dakika.

Hesabu hii si ngumu. Lakini muuguzi huifanya usiku wa manane, amechoka, na mgonjwa mwingine anamwita. Akikosea, maji yanaweza kuingia mwilini kwa kasi mno, na kwa mtoto au mgonjwa wa moyo hiyo ni hatari kubwa. Katika dawa, kosa la nukta moja tu linatosha. Nusu mililita huandikwa 0.5. Asiyeiona nukta hutoa mililita 5, yaani mara kumi ya kipimo.

Mfano wa pili: kupambanua. Watu wanne wamefika zahanati kwa wakati mmoja, na muuguzi yuko peke yake. Mmoja ana kidonda cha jembe mguuni, damu imekwisha kukauka. Wa pili ni mama aliyeleta mtoto kwa chanjo. Wa tatu ni mzee anayekohoa tangu wiki iliyopita. Wa nne ni mama aliyejifungua nyumbani asubuhi hii, na damu inaendelea kumtoka kwa wingi. Nani ahudumiwe kwanza?

Ni huyo mama aliyejifungua. Damu ya uzazi inaweza kuua kwa muda mfupi sana. Swali kama hili halijibiwi kwa kukariri kitabu. Linajibiwa na mtu anayefikiri.

Mfano wa tatu: maadili. Jirani anamuuliza muuguzi, "Eti yule bwana aliyekuja jana mlimkuta na ugonjwa gani?" Muuguzi ajibu nini? Jibu ni kwamba siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Hata jirani, hata rafiki wa damu, haambiwi.

KWA NINI WENGINE HUSHINDWA

Watu wengine husema, "Aliyeshindwa ni mjinga." Si kweli. Tayari amefaulu kidato cha nne, na amefaulu chuo. Zipo sababu nyingine.

Sababu ya kwanza ni kukariri. Mwanafunzi anameza maneno ya mwalimu kama kasuku. Swali likigeuzwa kidogo, anapotea. Ukimuuliza dalili za upungufu wa damu, anazitaja zote. Ukimwekea mgonjwa mbele yake na kumwuliza afanye nini kwanza, anababaika.

Sababu ya pili ni lugha. Uuguzi unafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anakutana na Kiingereza kizito sekondari, kisha kingine kizito zaidi chuoni. Wakati mwingine jibu analijua, lakini swali hakulielewa.

Sababu ya tatu, na pengine kubwa kuliko zote, ni uchache wa mazoezi ya vitendo. Ikiwa wanafunzi ishirini wanamzunguka mgonjwa mmoja, ni wawili watatu tu wanaoona. Ikiwa chuo hakina vifaa, mwanafunzi anasoma juu ya kupima presha bila kuishika mashine mara za kutosha. Chuo kilicho pamoja na hospitali, kama kile cha Peramiho kwenye Hospitali ya Mtakatifu Yosefu, kina nafasi nzuri katika jambo hili, maana wodi iko karibu na darasa.

Hata nchi tajiri zimeliona jambo hili. Huko Marekani, kila anayetaka kuwa muuguzi hufanya mtihani wa leseni. Hata Wakenya wengi wanaotaka kufanya kazi ya uuguzi huko huufanya. Mwaka 2019, kati ya kila wahitimu 100 wa vyuo vya Marekani waliofanya mtihani wa wauguzi waliosajiliwa kwa mara ya kwanza, walifaulu kama 88. Halafu mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona. Wanafunzi wengi walizuiwa kuingia wodini, wakajifunza kwa kompyuta nyumbani. Mwaka 2022 waliofaulu walishuka mpaka kama 80. Wanafunzi waliporudi wodini, hali ikaanza kupanda, na mwaka 2024 walifaulu kama 91. Kweli, mtihani wenyewe nao ulibadilishwa Aprili 2023, kwa hiyo hatuwezi kusema sababu ni moja tu. Lakini funzo tunalipata. Uuguzi haujifunzwi kwa macho tu. Unajifunzwa kwa mikono, karibu na kitanda cha mgonjwa.

Sababu ya nne ipo hapa hapa nyumbani kwetu. Mhitimu anarudi kijijini kusubiri mtihani. Ikiwa ni msichana, asubuhi anakwenda shamba, mchana anachota maji, jioni anatafuta kuni na kupika. Usiku taa hakuna, na mwili umechoka. Daftari linakaa ndani ya sanduku miezi sita. Siku ya mtihani ikifika, amesahau nusu. Kisha sisi tunasema, "Tulipoteza ada yetu." Je, tulimpa nafasi ya kusoma?

KUSHINDWA SI MWISHO

Wazee wetu wanaukumbuka mtihani wa kisomo wa Agosti 1975. Nchi nzima, watu wazima walikaa kwenye madawati, chini ya miembe na makanisani, wakapimwa kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwaka 1967, kati ya kila watu wazima 100, watu 67 hawakujua kusoma. Baada ya mtihani wa 1975, waliobaki bila kujua walikuwa 39.

Katika mtihani ule kulikuwa na hatua nne. Aliyefika hatua ya tatu au ya nne alihesabiwa kuwa amehitimu. Aliyebaki hatua ya kwanza au ya pili hakufukuzwa wala hakuchekwa. Aliambiwa, "Umefika hapa, endelea kutoka hapa." Wengi waliendelea, na katika mitihani iliyofuata wakafaulu.

Tuutazame mtihani wa leseni hivyo hivyo. Aliyeshindwa ajue ameshindwa wapi. Kama ni hesabu za dawa, afanye hesabu kila siku. Kama ni lugha, asome maswali kwa sauti na kuyaeleza kwa maneno yake. Kama ni uzazi, amwombe mwalimu wake wa zamani amwongoze. Kisha arudi kufanya mtihani kwa utaratibu wa Baraza.

HATARI YA SINDANO YA NYUMBANI

Hapa ndipo penye jambo kubwa, ndugu msomaji. Mhitimu akirudi kijijini, majirani humwita "nesi" tangu siku ya kwanza. Usiku mtoto akipata homa, wanamgongea mlango. "Wewe si umesoma? Tuchomee hata sindano moja tu. Zahanati ni mbali." Dawa wamenunua dukani. Kumkatalia jirani ni aibu. Basi anachoma.

Hilo ni kosa, hata kama nia ni njema. Kwanza ni kosa la sheria, kwa sababu hana leseni. Pili ni hatari kwa mgonjwa. Wapo watu ambao miili yao inakataa dawa fulani, kama vile penisilini. Mtu wa namna hiyo akichomwa, anaweza kushindwa kupumua na kufa katika dakika chache. Zahanati kuna dawa ya kumwokoa. Nyumbani hakuna. Tatu, homa si lazima iwe malaria. Zahanati watampima damu kwanza, ndipo watoe dawa. Nyumbani ni kubahatisha.

Na tusisahau mhitimu mwenyewe. Mgonjwa akifa mkononi mwake, kazi yake yote imeharibika kabla haijaanza. Ada ya miaka mitatu inakwenda na sindano moja.

Je, akae tu amtazame mtu anaumia? Hapana. Anaweza kutoa huduma ya kwanza, kama kubana jeraha linalotoka damu. Anaweza kumfuta maji mtoto mwenye joto kali. Anaweza kusaidia kutafuta pikipiki na kumsindikiza mgonjwa mpaka zahanati. Huo ni msaada mkubwa.

MZAZI AFANYE NINI

1. Kabla ya kulipa ada, uliza. Je, chuo kimesajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani NACTVET? Je, mafunzo yake ya uuguzi yanatambuliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga? Wanafunzi wanafanya mazoezi hospitali gani? Wahitimu wake wanafanyaje katika mtihani wa leseni? Chuo kizuri hakiogopi maswali haya.

2. Angalia masomo ya mtoto mapema. Anayetaka kusomea uuguzi lazima awe amefaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia katika kidato cha nne. Hisabati na Kiingereza humsaidia sana. Kwa hiyo maandalizi huanzia sekondari.

3. Katika mpango wa fedha, usiishie kwenye ada ya chuo. Weka akiba ya gharama za mtihani wa leseni na nauli ya kwenda kuufanya.

4. Mhitimu akiwa nyumbani, mpe saa za kusoma kila siku. Mpunguzie kazi. Mtafutie taa. Kaka zake nao wanaweza kuchota maji.

5. Akija mtu kusema, "Nipe fedha nikupatie leseni bila mtihani," huyo ni tapeli. Toa taarifa.

MGONJWA AFANYE NINI

Muuguzi mwenye leseni haoni aibu kuulizwa. Unaweza kusema kwa heshima, "Samahani nesi, naomba kujua jina lako na dawa hii ni ya nini." Hilo si tusi. Ni haki yako.

Ukiwa na mashaka kwamba mtu anatibu watu bila leseni, usimpige wala kumtukana. Mweleze mganga mfawidhi wa zahanati, au kamati ya afya, au mtendaji wa kijiji. Wao watapeleka habari kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Kwetu sisi ni Namtumbo, maana tangu mwaka 2002 Hanga haimo tena katika Wilaya ya Songea.

Jambo la mwisho. Leseni yenyewe haidumu milele. Muuguzi huihuisha kila baada ya muda, na hutakiwa kuonyesha kuwa anaendelea kujifunza, kwa sababu dawa hubadilika na magonjwa mapya huja. Kwa hiyo hata nesi mwenye mvi bado ni mwanafunzi, kama sisi tulioanza kushika kalamu ukubwani. Anayejifunza kila siku ndiye wa kumwamini atushikie uhai wetu.

MAANA YA MANENO

Leseni: ruhusa ya kisheria ya kufanya kazi fulani.
Mhitimu: mtu aliyemaliza masomo.
Maadili: mwenendo mwema unaotakiwa katika kazi.
Kuhuisha: kufanya kitu kiwe hai au halali tena.
Mganga mfawidhi: mkuu wa zahanati au kituo cha afya.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Cheti cha chuo na leseni vina tofauti gani?
2. Dripu ya mililita 500 inatakiwa iishe kwa saa 4. Mpira unatoa matone 20 kwa mililita. Je, ni matone mangapi kwa dakika? Linganisha jibu lako na lile la mfano wa kwanza.
3. Katika kijiji chetu, watu hufanya nini mtoto anapopata homa usiku? Tunaweza kupanga usafiri gani wa kumfikisha zahanati?
4. Mhitimu aliye nyumbani akisubiri mtihani, familia imsaidie namna gani?